Sikio la Korongo

1

Zakayo Komba alipanda kutoka korongoni saa nne asubuhi, akasimama mlangoni badala ya kuingia. Nikajua kuna jambo. Kwa kawaida huingia moja kwa moja, huvua buti mahali pasiporuhusiwa, kisha huanza kulalamika kwamba chai imepoa.

"Funga mlango, chakula kinatoka," nilimwambia.

Chakula chenyewe ni nzi wadogo wa matunda, na nilikuwa katikati ya kulisha. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unagonga mfuniko wa kioo kwa kijiko, unasubiri kidogo, na vyura wanatoka mafichoni wote pamoja kama wanafunzi wa bweni waliosikia kengele. Anayechelewa atakula, lakini hatachaguliwa kuzalisha. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia: chagua wanaokuja upesi, hao ndio wenye afya. Kizazi baada ya kizazi tumechagua, na sasa tuna nyumba nzima ya vyura wanaokuja upesi.

"Mtani, weka kijiko chini," Zakayo alisema. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na mimi ninayo ya kumrudishia.

"Kuna vyumba havijala."

"Weka. Nimesikia chura."

"Humu wako elfu nne. Siku usiposikia ndipo uje mbio."

"Nimesikia chini."

Chini hapakuwa na chura. Mto Lwivala ulikuwa ukianguka hapa kwa kishindo, na manyunyu yake yalilowesha ukuta wa korongo mchana na usiku. Chura wa manyunyu aliishi ndani ya unyevu huo na si mahali pengine popote duniani. Kisha mto ukaingizwa kwenye bomba huko juu kwa ajili ya mitambo ya umeme, na ulipotoka kwenye mitambo ukapelekwa kwenye mpunga wa bondeni. Ukuta ukakauka. Vyura waliobaki wakamalizwa na kuvu ya ngozi. Konzi moja iliyookolewa kwenye ndoo ndiyo mabibi wa hawa tulionao. Nyumba hii ya Vyura ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa kwanza, na Alhamisi iliyokuwa inakuja ndiyo siku ambayo Nyumba ilijengwa kwa ajili yake: kuwarudisha korongoni.

"Umesikia panzi," nilisema.

"Mtani, nyinyi Wahehe mnajua milio ya vitu vyenye mkia tu, tena mkivisikia mnachukua sufuria. Hebu sikiliza."

"Mngoni akihamia mtaani panya wanahama wenyewe, na bado ana la kusema. Lete hiyo simu."

Akabonyeza. Mlio ulikuwa mwembamba, wa juu, kama mtu anakwaruza sahani kwa ukucha mara mbilimbili, kisha kimya. Niliwahi kuusikia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwalimu wetu alitusikilizisha kanda za zamani za korongo, za wakati mto ungali mto. Vyura wa chini walilia kwa sauti ya juu kwa sababu kishindo cha maji ni kizito, na anayelia kwa sauti nene humo hasikiki. Hawa wa nyumbani hawalii hivyo. Wanalia kwa sauti nene, ya polepole, kama mlango wa kabati.

Nikaweka kijiko chini.

"Sikio lilifungua maji?"

"Halikufungua," alisema Zakayo. "Chura alikuwa chini ya kipaza sauti, hapa na hapo. Taa ikabaki nyekundu."

Sikio ni mashine. Lilikuja na Sheria ya Mgao, baada ya ile miaka ya ukame ambayo watu walipigania maji ya kupikia uji. Sheria inakipa kila kiumbe kilichosajiliwa mgao wake wa maji, ila kwa sharti moja: maji hayamwagwi kwa asiyekuwepo. Kwa hiyo mawe ya korongo yamewekwa vipaza sauti, na vipaza sauti vimeunganishwa na kompyuta, na kompyuta na valvu. Sikio likisikia sauti ya spishi iliyosajiliwa, valvu inafunguka na vinyunyizio vinatoa ukungu. Lisiposikia, hakuna tone. Mkono wa kufungulia uliondolewa zamani, kwa sababu watu walikuwa wakifungua kumwagilia mchicha.

Na kila mwaka, kabla ya kiangazi, mkuu wa Nyumba, ambaye sasa ni mimi, hurekodi sauti za vyura na kuzituma Mamlaka ya Mgao. Sikio linajifunza sauti mpya na kuisahau ya zamani. Nia ilikuwa nzuri. Sauti za viumbe husogea, na waliotunga utaratibu hawakutaka mashine ibaki nyuma. Sasa niliona walichofanya. Kila mwaka vyura wa nyumbani walisogea kidogo, na Sikio likasogea nao, na hakuna aliyegeuka kuangalia tulikotoka.

"Wamekaa wapi?" niliuliza.

Alivua kofia.

"Nyuma ya Jiwe Pana. Kwenye kiungo cha bomba."

"Kiungo kipi?"

"Kile."

Kile nilikijua. Kilipasuka miaka mingi iliyopita, na Zakayo akakifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akaahidi kurudi na kiungo kipya. Hakurudi. Kilikuwa kinatona, tunakipita kila siku, tunacheka. Wiki iliyopita mkaguzi wa Mamlaka alikiona, na kwa kuwa Alhamisi ilikuwa inakaribia, akaagiza kibadilishwe siku hiyohiyo.

"Nimekifunga vizuri sana, mtani," Zakayo alisema. "Haijawahi kutokea nikafunga kitu vizuri namna ile."

2

Ngazi za chuma za korongo zinaua magoti. Tulipofika kwenye Jiwe Pana nilikaa kwanza, kisha nikawasha tochi na kuangaza ndani ya ufa.

Ukoga wa kijani uliokuwa umeota chini ya kiungo ulianza kuwa kahawia pembeni. Katikati ulikuwa bado na unyevu kidogo, na hapo ndipo walipokuwa. Mwanzo sikuwaona. Nilikuwa natafuta chura wa ukubwa ninaoujua. Hawa walikuwa nusu yake, kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya haradali yenye mstari mweusi ubavuni. Mmoja akaruka, ndipo macho yakawazoea. Tulihesabu tisa. Mmoja alikuwa jike mwenye mimba. Chura wa manyunyu hatagi. Huzaa vitoto vilivyokamilika, na ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba ukiangaza tochi unaviona vimejikunja ndani.

"Anakauka," Zakayo alisema.

"Naona."

Dume mmoja akalia. Kipaza sauti kilikuwa juu ya kichwa chake. Taa nyekundu.

Nikatoa simu yangu, nikatafuta sauti ya nyumbani ya mwaka jana, nikaicheza. Mlango wa kabati ukakwaruza mara mbili. Taa ikageuka kijani, bomba likakohoa, na ukungu ukashuka juu ya ukuta wote, juu yetu pia. Vyura wakanyanyua vichwa. Jike mwenye mimba alitambaa mpaka kwenye ukingo wa jiwe na kulala kifudifudi, miguu ameitandaza, akinywa kwa tumbo kama wanavyofanya.

Zakayo alicheka kwa sauti. "Basi tumemaliza! Tutawachezea simu kila siku."

"Angalia dume."

Dume alikuwa amenyamaza. Nilicheza sauti tena. Chura akisikia mwenzake hujibu. Ndiyo kazi ya sauti. Huyu hakujibu. Alinitazama, au alitazama simu, kisha akaingia ndani ya ufa.

"Hajaelewa," Zakayo alisema.

"Wala hatuelewi sisi. Lete chupa."

Nilivaa glovu mpya, nikachukua dume mmoja mwingine, nikapanda naye. Buti sikubadilisha.

Watu hudhani spishi mpya huja kwa kishindo, chura anaamka siku moja na mabawa. Haiji hivyo. Inaanza pale upande mmoja unapoacha kumsikia mwenzake. Pampu ya Nyumba yetu ina mlio mkali wa juu; tumeizoea hata hatuisikii. Dume aliyelia kwa sauti ya juu ndani ya mlio ule alipotea, kwa kuwa jike hakumsikia. Aliyelia chini kidogo akasikika, akaoa, akazaa watoto wanaolia chini kidogo. Ongeza chakula tele, miili ikawa mikubwa, na mwili mkubwa una sauti nene. Ongeza na kijiko chetu. Hakuna aliyepanga. Mwaka mmoja huoni tofauti, na miaka mitano huoni tofauti.

Nilimweka yule dume kwenye chumba chenye wavu katikati, upande wa pili nikaweka majike walio tayari. Alilia mchana wote. Majike walikaa wamempa mgongo. Nilipogonga mfuniko, wao walikimbilia mbele na yeye akajifukia. Nikampangusa mgongo kwa pamba, nikaingiza pamba kwenye mashine ya kusoma vinasaba. Baada ya chai nikarudi kusoma jibu. Mashine ilisema spishi haimo kwenye rejista.

Yeye ndiye hamo. Mwenye korongo.

Siku ya tatu nilimkuta chali. Ngozi ilikuwa imechubuka vipandevipande, na kila kipande kilikuwa na utando mweupe wa kuvu. Vyura wetu wote wanayo kuvu hiyo. Wameishi nayo mpaka haiwadhuru, wanaibeba kama mtu anavyobeba mafua. Niliinuka nikanawa mikono kwa muda mrefu, ingawa kunawa wakati ule hakukuwa na maana tena.

Alhamisi tulikuwa tushushe elfu nne.

3

Daktari Consolata Sanga wa Mamlaka ya Mgao alifika Jumanne kusimamia zoezi. Ni binti mdogo, analingana na mwanangu wa kwanza, ana heshima, na hunywa chai bila sukari. Ndiye aliyeagiza kiungo kibadilishwe.

"Mama Betina, unalala kweli?" aliniuliza alipoketi.

"Nitalala mkiondoka."

"Haya. Kabla sijaanza, nieleze kitu. Valvu ya korongo imefunguka mara kadhaa tangu Ijumaa."

"Tulikuwa tunaijaribu."

"Kila siku?"

"Tulitaka kuwa na uhakika."

Alitabasamu kwa adabu, akasubiri. Sikuwa na nguvu za kuzunguka. Nikamweleza lote, tangu mpira wa baiskeli mpaka dume aliyekufa, nikamsikilizisha simu ya Zakayo, nikamwonyesha jibu la mashine. Alisikiliza ule mlio mara nyingi. Chai yake ikapoa.

"Wako wangapi?"

"Wanane sasa. Labda na wengine ndani ya ufa."

"Tukiwashusha hawa wako?"

"Kuvu itawamaliza wale kabla ya mwezi kuisha. Dume niliyempandisha huku ilimuua kwa siku tatu tu."

"Na tusipowashusha?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Akasukuma kikombe pembeni. "Nikujibu kama mkaguzi. Korongo moja, mgao mmoja, sauti moja. Sikio halisikilizi wawili."

"Kwa nini? Ni kompyuta. Haina masikio mawili?"

"Mashine inaweza, mama. Sheria ndiyo haiwezi. Spishi ya pili ni mgao wa pili, na maji yale bonde limekwisha kupewa. Mgao mpya unapita barazani, na baraza litakaa baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno watakuwa vumbi."

"Najua."

"Kwa hiyo nichague."

"Sauti ya mwaka inatakiwa kesho kabla ya jua kuzama. Anayetuma ni mkuu wa Nyumba. Ukituma ya hawa, Alhamisi tunashusha kama ilivyopangwa. Ukituma ya wale, wale ndio wanakuwa spishi ya korongo na Sikio litawafungulia." Akageukia ukuta wa vioo. "Lakini umeme na maji ya Nyumba hii hutoka kwa jina la spishi iliyosajiliwa. Hawa watakuwa hawana jina. Hawashushwi. Hawapewi mtu yeyote, maana wana kuvu. Utapewa mpaka mwisho wa mwezi kuiacha Nyumba tupu."

"Tupu maana yake nini?"

"Unajua maana yake."

"Nataka uiseme wewe."

Aliangalia mikono yake. "Utawaua, mama."

Pampu ililia. Zakayo, aliyekuwa amesimama nyuma kwa muda wote akijifanya anapanga ndoo, aliacha ndoo.

"Hapana," alisema. "Samahani, Daktari, lakini hapana. Mimi ndiye niliyewasikia wale, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua. Lakini hawa nimewabeba mikononi. Kuna mmoja hapo chumba cha saba akiniona anapanda kidole. Wanane, mtani! Wanane! Hata timu ya mpira hawafiki. Mwaka ukiwa mbaya kidogo hawapo, na hapo utakuwa umeua hawa bure."

"Anasema kweli," Consolata alisema polepole. "Na nitaongeza. Unasema hawa si wa asili. Wa asili ni nani? Spishi si kitu cha kuweka makumbusho. Zinabadilika, ndiyo kazi yake. Hawa wamebadilika mbele ya macho yako. Utawahukumu kwa hilo?"

"Hawakubadilika wenyewe. Tuliwabadilisha kwa pampu na kijiko."

"Na wale walibadilishwa na maporomoko ya maji. Maporomoko yana haki gani kuliko wewe?"

Ni swali zuri, na bado nalifikiria. Nilimwambia aende akapumzike, nikamwambia Zakayo akachukue mashine nzuri ya kurekodi ashuke korongoni, avae buti mpya zilizo kwenye boksi, na asiguse kitu.

"Kwa hiyo umeshaamua," alisema.

"Sijaamua. Nataka kuwa na sauti mbili nzuri mezani. Nenda."

4

Jumatano nililisha kama kawaida. Hata mtu awe na uamuzi mkubwa kiasi gani, vyura wanakula saa ileile.

Nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilichukua beseni kubwa, nikaliwekea mawe ya korongo, matawi, na chupa iliyotobolewa inayodondosha maji juu ya majani, jinsi itakavyokuwa kule chini mvua ya vinyunyizio ikipita. Nikaweka vyura ishirini. Tone la kwanza lilipogonga jani, wote ishirini walitoka mafichoni, wakaja mbele wazi, wakainua vichwa na kusubiri, kana kwamba nimegonga kijiko. Tone la pili, wakasogea zaidi. Korongoni kuna ndege, kuna nyoka, kuna siafu, na maji hugonga majani siku nzima.

Nilimwita Consolata, nikamwonyesha. Aliinama akawatazama. Kisha akasema, "Si wote watakaoliwa. Wachache wataogopa. Watoto wa hao wachache wataogopa zaidi."

"Inawezekana."

"Ndivyo inavyokwenda siku zote, mama. Wengi wanakufa, wanaobaki wanakuwa kitu kingine."

"Inawezekana kabisa. Na wale wanane?"

"Wale hapana."

"Basi."

Nimelea watoto wanne. Kila mmoja nimemlea nikitaka siku moja asinihitaji, na siku ikifika ninanuna, lakini ndiyo kazi yenyewe. Vyura hawa nimewalea miaka mingi kuliko niliyomlea mtoto yeyote, na katika miaka hiyo yote sikuwafundisha kitu isipokuwa kunihitaji. Siku pampu itakapozimwa wamekwisha. Itazimwa, kama si mimi, atakuja mtu na bajeti, au baraza, au radi. Wale wa chini waliachwa na kila mtu. Mto umechukuliwa, kuvu imepita, mashine imewekwa juu ya vichwa vyao ikawasikiliza na kuwakana, na bado waliishi kwa tone la bomba bovu. Hawakungoja tuwajue.

Hizo ndizo sababu zangu. Zakayo anasema si sababu, ni uchovu. Anaweza kuwa sahihi. Na jike yule mwenye mimba nilikuwa nimemuona kwa macho yangu, na hilo nalo lilikuwamo, silifichi.

Mchana wa saa tisa niliketi mbele ya kompyuta. Zakayo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amenipa mgongo. Consolata alisimama kwa sababu utaratibu unataka shahidi. Nikafungua sauti ya nyumbani, nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikafungua ya korongo, nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikaituma ya korongo.

Kompyuta iliuliza kama nina uhakika, kwa kuwa sauti inatofautiana sana na ya mwaka uliopita. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikabonyeza ndiyo.

"Ningechagua hawa," Consolata alisema.

"Najua, mwanangu."

"Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba ningechagua hawa, na nisingekuwa mjinga."

"Hungekuwa mjinga. Andika ripoti yako."

Zakayo aliinuka, akaenda chumba cha saba. Alikaa huko muda mrefu. Sikumfuata.

5

Alhamisi asubuhi, saa ambayo tulikuwa tushushe masanduku mbele ya wageni, tulishuka wawili tu, bila sanduku. Wageni Consolata alikuwa amewapigia simu wasije. Alisema atabaki juu kujibu maswali, na kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi anayolipwa.

Tulisimama mbali na Jiwe Pana, tusije tukapeleka kitu kwa miguu. Tangu Jumanne tulipoacha kuwachezea simu, ukoga wa kijani ulikuwa umekauka karibu wote. Sikio lilikuwa limepokea sauti mpya tangu alfajiri. Kilichobaki ni mmoja wao alie.

Hawakulia.

"Wanatuona," Zakayo alinong'ona.

"Au hawana nguvu."

"Cheza simu. Cheza ile yao."

"Nikicheza, Sikio litakuwa limenisikia mimi."

"Mtani, wanakauka!"

"Naona. Tuondoke."

"Tuondoke twende wapi?"

"Tupande. Hawawezi kulia tukiwa tumewasimamia. Wewe ungeweza?"

Alinitazama kama ananichukia, na nadhani kwa muda huo alinichukia. Kisha akatangulia kwenye ngazi. Magoti yangu yaliniuma kuliko siku zote. Tulipanda mpaka pale ngazi zinapopinda na korongo linajificha nyuma ya mwamba. Hapo nilisimama kuvuta pumzi. Zakayo naye alisimama, lakini si kwa ajili yangu.

Chini bomba lilikohoa. Halafu ukaja ule mlio wa vinyunyizio vyote pamoja, kama mafuta yanapomiminwa kikaangoni, na ubaridi ukapanda mpaka kwenye nyuso zetu. Hatukusikia chura. Umbali ule, na maji yale, tusingesikia. Lakini mashine ilikuwa imesikia.

Zakayo alishika ukuta. "Nishuke kidogo. Nione tu ni nani aliyelia."

"Hapana."

"Dakika moja."

"Hapana, Zakayo. Waache."

Aliketi kwenye ngazi, akaweka uso kwenye mikono, na nikamwacha akae. Vinyunyizio vilitoa maji, vikanyamaza, na baada ya muda vikatoa tena. Sikujua kama watafika mwakani. Sikujua hata kama jike yule yupo hai. Inawezekana kabisa kwamba wiki hiyo moja nilimaliza wote, wa juu kwa mkono wangu na wa chini kwa kuchelewa, na kwamba atakayekuja baada yetu atakuta korongo zuri lenye unyevu na Sikio linalosikiliza kitu kisichokuwepo.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye ukuta wa pili. Nilimgusa Zakayo bega, akainuka. Juu elfu nne walikuwa bado hawajala, na nilikuwa sijaamua nianze na chumba kipi.